Siku Binti Yangu Alipopanda Mizani

Gari la matangazo lilipita Majengo asubuhi, mimi niko kibarazani nimeinamia cherehani, nashona sketi za shule. Muziki ulitangulia, kisha sauti ya kijana: wazazi wote wenye watoto wenye uzito mkubwa wawalete ukumbini Jumamosi, msanii wetu kipenzi kutoka Dar anakuja Sumbawanga na kipindi chake cha televisheni, watoto watapimwa, zawadi zipo. Nilisikia kila neno. Nasema hivyo mapema kwa sababu mpaka leo kuna watu wananiambia, "Mama, labda hukusikia vizuri." Nilisikia vizuri sana! Nikaiacha sketi ya watu na sindano ikiwa ndani yake, nikampigia simu mama mkwe wangu kule Kaengesa.

"Mama, shikamoo. Yule dada wa filamu anakuja. Anatafuta watoto wenye uzito."

"Marahaba. Awafanyie nini?"

"Awape zawadi."

Mama mkwe akacheka. "Basi mwambieni asisumbuke kuzunguka. Wetu ndiye huyo."

Msanii mwenyewe tulimjua kwa filamu zake, nani asiyemjua? Lakini hicho kipindi chake cha kila wiki sikuwahi kukiona. King'amuzi chetu kilikuwa kimekatika tangu Pasaka na mume wangu alisema redio inatosha. Kwa hiyo niliposikia uzito na zawadi, akili yangu ilikwenda ilikozoea kwenda. Zamani, anasimulia mama mkwe, kwenye kliniki ya misheni mtoto aliyepita wenzake kwa kilo alivishwa blanketi jipya mbele ya akina mama wote, na mama yake akapigiwa vigelegele. Mume wangu ni mmoja wa watoto waliowahi kuvishwa blanketi hilo. Bibi huyo hajawahi kuacha kulitaja. Sasa niambie, mimi ningefikiria nini?

Tena mimi nilikuwa na donda langu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mdogo na akabaki mdogo. Kila nilipompeleka kliniki, alama yake kwenye kadi iliangukia kwenye rangi nyekundu. Mkoa wetu unalima mahindi hadi malori yanakesha yakisubiri kupakia, lakini kila mwaka tunahubiriwa kwamba watoto wetu wamedumaa. Siku moja bwana afya alinisimamisha mkutanoni, mtoto mgongoni, akaniuliza mbele ya watu, "Mama, mahindi yote hayo mnayauza, huyu anakula nini?" Watu wakaguna. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtoto yule sasa yuko sekondari ya bweni, mfupi lakini mzima, hesabu anawashinda wote. Aibu ile haikunitoka.

Kwa hiyo binti yangu alipozaliwa kibonge, niliapa. Huyu nyekundu hataiona! Alinyonya, akala, akaongezwa. Mimi ni fundi, kwa hiyo furaha yangu niliipima kwa futi ya kushonea. Kila gauni lake niliachia kitambaa cha akiba ndani ya mishono, na kila baada ya muda mfupi nilikuwa nafumua na kuachia tena, huku naimba. Kwetu huku ukikonda watu wanauliza kama unaumwa au kama ndani ya nyumba hakuna amani. Ukinenepa wanakuambia umependeza. Mwanamke wa Kisukuma anayetuletea maziwa kutoka Kizwite, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao, alikuwa akimtazama binti yangu anasema, "Nyie Wafipa, huyu mnamlea au mnamnenepesha kwa mnada?" Namjibu kwamba wao ng'ombe tu ndio wanaowajua, watoto wanawasahau. Tunacheka, ananiongezea maziwa kidogo.

Mtoto mwenyewe alikuwa na raha zake. Miaka kumi, mashavu yamejaa, sauti kubwa, mcheza ngoma wa kwanza kwenye kila sherehe ya parokia. Alikuwa akihema sana akipanda kile kilima cha kutoka shule, hilo nililiona. Nikasema ni upepo wa Sumbawanga, nani hahemi kwenye upepo ule? Nilichokitaka kwa mtoto yule ni kimoja tu: awe mzima na asiwahi kusimamishwa mbele ya watu akaaibishwa, kama mimi.

Mama mkwe aliingia mjini kabla ya siku yenyewe na kiroba cha unga wa ulezi, karanga, maharage, na jogoo kwapani. Akashika jiko. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga na maziwa. Mchana ugali na kuku. Jioni tena. Katikati viazi. Binti yangu alikula huku anacheka, bibi yake anamsifia, "Kula mama, tukamwoneshe huyo wa Dar watoto wa Ufipa walivyo!" Mimi nilishona gauni jipya la satini la njano, lenye mikono ya kuvimba, na niliachia akiba kubwa kwenye mbavu maana sikujua hadi Jumamosi atakuwa amefika wapi. Mume wangu alituuliza mara moja tu, "Mna hakika na hiki kipindi?" Bibi akamwambia anyamaze, yeye blanketi lake alishapata.

Ukumbini palikuwa na taa kali na kamera tatu. Wazazi wengine nao walikuja na watoto wao, wengine watu wa maofisini, nikashangaa mbona wamenuna. Wengine walikuwa wamewafunika watoto wao masweta makubwa kama wanawaficha. Nikajisemea, hawa wameshajua watashindwa. Wallahi, nilijisemea hivyo! Mimi si Mwislamu lakini hapo hakuna kiapo kingine kinachotosha.

Msanii alikuwa mdogo kuliko kwenye filamu, mwembamba, mzuri hadi unamsamehe. Akaita watoto mmoja mmoja kwenye mizani iliyowekwa jukwaani, na kilo zikawa zinatokea kwenye kioo kikubwa ukutani. Ilipofika zamu yetu, binti yangu alipanda jukwaani kama bibi harusi. Alimwamkia msanii kwa kupiga goti, akakanyaga mizani, akanyoosha mikono juu. Namba ikatokea. Ilikuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia.

Mama mkwe akaruka kutoka kwenye kiti, akapiga vigelegele.

Alipiga vile vya harusi, vya kutoka tumboni. Na mimi nikaitikia. Wanawake wawili watatu wa kwetu nao wakaitikia kwa mazoea tu. Kisha nikaona kwamba ukumbi mzima umenyamaza. Msanii alikuwa ameweka mkono mdomoni, machozi yanamtiririka. Nikadhani analia kwa furaha! Akaniita jukwaani, akanishika mkono, mkono wake baridi, akaniuliza kwa upole, "Mama, huyu mtoto unampa nini?"

Nikamweleza vyote. Nilivieleza kwa majivuno, nikitazama kamera kama nilivyoona watu wanavyofanya. Uji, nikasema, wa ulezi, tunatia karanga, tunatia maziwa, tunatia sukari, siagi ikiwepo tunatia. Watu wa mbele wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Jamani, anamuua mtoto." Msanii akageukia kamera akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyohiyo mama mkwe alikuwa ameisema asubuhi ile akimfunga mtoto utepe kichwani. Nikamtazama mama mkwe kule chini, bado anatabasamu, anasubiri blanketi.

Binti yangu ndiye aliyeelewa kabla yetu. Mikono yake ilikuwa bado juu. Akaitazama namba, akawatazama wanaocheka, akaishusha mikono, mmoja, kisha wa pili, akaviweka viganja vyake tumboni.

Zawadi ilikuwa kamba ya kuruka na karatasi yenye picha za vyakula. Mama mkwe aliigeuza ile kamba mkononi, akaniuliza kwa Kifipa kama mshindi wa kwanza ndiye anayepewa kamba, wa mwisho je, wanampa nini? Na hapo ningemchukia yule msanii moja kwa moja, kazi ingekuwa rahisi, lakini kamera zilipozimwa alipiga magoti kwenye sakafu na nguo zake za bei mbaya, akamkumbatia binti yangu muda mrefu, akamwambia kwamba yeye mwenyewe utotoni alikuwa hivyo na alitaniwa hadi akaacha kwenda shule. Alilia kweli. Halafu daktari kijana wa msafara wao alimfunga mtoto kipimo cha presha, akarudia, akanivuta pembeni. "Mama, presha hii si ya mtoto wa umri huu. Mpeleke hospitali, usichelewe." Alisema taratibu, bila kunidharau. Nikarudi nyumbani sijui nani amenitukana na nani amenisaidia, au ni mtu mmoja amefanya yote mawili.

Hospitali wakasema vilevile. Presha ipo, uzito umezidi, kuhema kule si upepo. Nikamuuliza nesi, "Sasa nimpunguzie chakula?" Akasema mpunguzie. Nikauliza, "Mwenzako aliniambia mkubwa wake nimwongezee." Akasema huyo alikuwa mtoto mwingine. Mtoto mwingine kweli, lakini mama ni mimi huyohuyo, na mikono ni hii hii! Kipindi kilekile bwana afya mpya alikuja mtaani kwetu na mkutano wake wa udumavu, akisisitiza watoto walishwe mara nyingi, uji utiwe karanga. Uji utiwe karanga! Nilisimama nikamuuliza, "Bwana afya, ni karanga zipi hizo, za mwanangu wa kwanza au za huyu wa pili?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, akasema mlo kamili, mama, mlo kamili. Nikakaa chini na mlo wangu kamili, nimebaki palepale.

Kipindi kilirushwa Jumapili moja jioni. Tulikwenda kwa jirani kwa sababu binti yangu aling'ang'ania kujiona. Nilijaribu kumzuia, akalia, nikamwachia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kweli nililia. Walikuwa wametia muziki wa msibani. Walimwonesha mtoto akipanda mizani polepole, kana kwamba anapanda kwenda kunyongwa. Walimwonesha bibi yake akiruka na vigelegele, meno yote nje, kisha hapohapo msanii akifuta machozi, kisha mimi na siagi zangu. Sauti ikasema tatizo kubwa ni upendo usio na elimu. Nilitaka kuitupia kandambili televisheni ya watu. Halafu nikajiuliza, je, kama ni kweli? Mtoto anahema, presha ipo, nesi kasema. Kandambili ikabaki mguuni.

Shuleni wakaanza kumwita Mizani. Hakuniambia, nililisikia mwenyewe watoto wakipita kibarazani kwangu. Nilitoka na mkasi mkononi, wakakimbia, na hadi leo wananipita upande wa pili wa barabara. Lakini jina lilishakaa.

Kuanzia hapo binti yangu akashika ile karatasi ya picha kuliko nilivyoishika mimi. Ugali alikuwa akiupima kwa ngumi yake, ukizidi anaumega anarudisha. Uji aliuacha. Kamba aliruka nyuma ya nyumba, pasipo mtu wa kumwona. Gauni la njano lilianza kumpwaya, akaniletea niupunguze mshono. Nikakaa na lile gauni mapajani. Miaka yote ile nilifumua na kuachia nikiimba, sasa napunguza, na nesi anasema vizuri sana mama, presha inashuka, endelea hivyohivyo. Nilifurahi, sikatai. Usiku nilimshukuru Mungu. Lakini mtoto ambaye presha yake imeshuka alikuwa ameacha kucheza ngoma kanisani, anasimama nyuma ya wenzake, sauti kama ya mgeni. Nikimuuliza kama ana njaa anasema hapana. Nikimuuliza kama anaumwa anasema hapana. Nikamuuliza mume wangu, hivi tumempata au tumempoteza? Akasema mtoto anapona, tusitafute ugonjwa mwingine. Huenda ni kweli. Sijui.

Mama mkwe alikuwa hajaja mjini tangu siku ya ukumbi. Kila nikimpigia anasema magoti yanauma. Wanakijiji nao walikuwa wamemwona kwenye simu za wajukuu zao, akiruka. Padri mmoja alimtania baada ya misa, kwa wema tu, na Jumapili iliyofuata mama mkwe akaenda kusali kigango cha mbali. Mwanamke ambaye alilea watoto wanane na kuzika wawili, ambaye sijawahi kumwona akiomba radhi kwa mtu, aliniuliza kwenye simu, "Mkamwana, kwani nilimdhuru mtoto?" Nikasema hapana, Mama. Sikuwa na hakika. Na nadhani alinisikia nisivyo na hakika.

Ulezi ulipovunwa, ikatulazimu kwenda. Kwa wakwe zangu ulezi mpya hauliwi hivihivi. Ugali wa kwanza wa mwaka unapikwa na bibi mwenyewe, watu wote wa ukoo wanakaa kuuzunguka, na hakuna anayetia mkono kwenye sinia mpaka bibi amemega tonge na kumlisha kwa mkono wake mjukuu wa kike aliye mdogo kuliko wote. Huyo ndiye anayeufungua mwaka. Mjukuu huyo ni binti yangu, na amekuwa akifanya hivyo tangu alipoota meno. Miaka mingine alifungua mdomo kabla hata tonge halijafika, watu wote wakacheka.

Baridi ilikuwa kali, tulikuwa jikoni kwa bibi, moto unawaka, mashangazi na baba wakubwa wamejibana kwenye vigoda na mikeka. Mama mkwe alimtazama mjukuu wake alivyopungua. Alimtazama muda mrefu, uso mpaka shingo. Akanawa mikono. Akamega tonge, na niliona akiligawanya likabaki dogo, dogo kuliko miaka yote, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota mchuzi wa maharage, akanyoosha mkono.

Binti yangu hakufungua mdomo. Alinigeukia.

"Mama," akasema, "nile?"

Mkono wa bibi ulikuwa hewani, mchuzi ukamtiririka kwenye kifundo cha mkono. Sijawahi kuona mtoto wa nyumba ile akiomba ruhusa ya kula kwa bibi yake, na bibi hajawahi kuona. Nikafungua mdomo nimwambie kula mwanangu, nikaikumbuka presha. Nikataka kusema basi acha, nikauona ule mkono. Nilikuwa na hasira, haki ya Mungu, na sikujua nimkasirikie nani katika watu wote niliowajua.

"Kula!" nikasema. Nilitaka itoke kwa upole, ikatoka kama karipio.

Akapokea. Alitafuna amefumba macho, kama anayemeza dawa, akameza. Mashangazi wakashusha pumzi, mikono ikaanza kuelekea kwenye sinia, mtu mmoja akajaribu kuanzisha mazungumzo ya bei ya mbolea. Mama mkwe, kwa furaha, au kwa mazoea, akamega tonge la pili, dogo vilevile, akalichovya, akampelekea.

Mtoto hakulitazama tonge. Alinitazama mimi.

"Na hili, Mama?"

Nikainamisha uso, nikajifanya natafuta kitu kwenye kanga yangu. Nilisubiri yeyote aseme neno, shangazi, mume wangu, yeyote.

"Mkamwana," mama mkwe akaniambia, mkono wake bado umenyooka, "mtoto anakuuliza."